Kabla ya Kumhamisha Mtoto Shule Ng'ambo ya Sirari

Kwa mkazi wa Tarime, Kenya si ughaibuni. Mahindi, ng'ombe, harusi na misiba huvuka kati ya Sirari na Isebania kila siku, na koo za Wakurya kama Abairege, Abakira na Abanyabasi zina watu pande zote mbili za mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 bila kumuuliza mwenye shamba. Ndiyo maana mzazi wa Tarime au Serengeti anayempeleka mtoto kusoma Kenya hujiandaa kama anayehamia kata jirani: sare, madaftari, godoro, na simu kwa mjomba aliyeko Kehancha. Shuleni ndipo anapogundua kuwa amehama nchi. Mtoto aliyekuwa darasa la tano anaambiwa aanzie Gredi ya 4. Aliyemaliza darasa la saba anaulizwa namba ambayo nyumbani hakuna aliyewahi kuisikia. Aliyefaulu kidato cha pili anaambiwa hana pa kupangiwa.

Wazazi wengi huanza na swali moja: ataingia darasa la ngapi? Ni swali la haki, lakini lisiwe la kwanza. Uliza kwanza mtoto atamalizia wapi, kwa mtihani gani na mwaka gani. Darasa la kuingilia linaweza kujadiliwa na mwalimu mkuu ofisini kwake. Mtihani wa kutokea haujadiliwi na mtu, na ndio utakaoamua kama mtoto ataendelea au atakwama. Ukishaujua, mambo mengine yote, kuanzia lugha na karatasi hadi ada, hupata mpangilio wake.

Mifumo yote miwili inabadilika

Mzazi aliyesoma Tarime au Mugumu miaka ya tisini anaijua ngazi moja tu: darasa la saba, kidato cha nne, kidato cha sita. Ngazi hiyo inaondoka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka mwaka mmoja wa awali, miaka sita ya msingi, minne ya sekondari ya chini na miwili ya sekondari ya juu. Elimu ya lazima sasa ni miaka kumi. Utekelezaji ulianza Januari 2024. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo ndio wa kwanza kupangiwa kumaliza msingi darasa la sita, mwaka 2027, na mwaka huo huo wenzao waliokuwa darasa la nne wanamaliza darasa la saba. Makundi hayo mawili yanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Kama mwanao yumo katika mojawapo, kumbuka msongamano huo unapopanga mwaka wa kuhama.

Kenya nako mambo yamegeuka. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 unamaliziwa. Mtaala mpya, ambao kila mtu huko anauita CBC, ulianza nchi nzima Januari 2019. Una miaka miwili ya awali, sita ya msingi, mitatu ya shule ya chini ya sekondari na mitatu ya sekondari ya juu, ndipo chuo. Mtihani wa KCPE wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwishoni mwa Gredi ya 6 kuna tathmini ya KPSEA, iliyoanza mwaka 2022. Mwishoni mwa Gredi ya 9 kuna KJSEA, ambayo kundi la kwanza lilifanya mwishoni mwa mwaka 2025, na Januari 2026 likaingia Gredi ya 10. KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa mfumo wa zamani, inafikia tamati mwaka 2027.

Hapo pana mtego. Jamaa yako wa Migori bado atakuambia, "Mlete aanze Form One." Kenya iliingiza kidato cha kwanza kwa mara ya mwisho mwaka 2024. Mtoto anayetoka huku leo hana Form One ya kuingia kule. Yuko ama Gredi ya 7, ama ya 8, ama ya 9, na gredi hizo kwa shule za umma ziko ndani ya maeneo ya shule za msingi. Usishtuke ukimpeleka mtoto wa sekondari ukamkuta kwenye uwanja mmoja na watoto wa awali. Ndivyo serikali ilivyopanga.

Ukihesabu miaka, nchi hizi mbili sasa zinakaribiana kuliko wakati wowote tangu wazazi wetu walipokuwa shule. Kila moja inataka miaka 12 ya darasani kabla ya chuo kikuu. Tofauti iko kwenye vituo. Tanzania mpya inasimama mwaka wa 6, wa 10 na wa 12. Kenya inasimama mwaka wa 6, wa 9 na wa 12. Vituo viwili vinalingana, kimoja hakilingani, na hicho cha katikati ndicho kinachowaumiza wengi.

Mtoto ahame lini?

Aliye awali hadi darasa la tatu ahame wakati wowote, ingawa Januari ni bora. Darasa la kwanza ni Gredi ya 1 na umri ni ule ule, miaka sita. Atayumba kidogo kwa lugha na baada ya miezi michache atakuwa sawa na wenzake. Zingatia jambo moja tu. Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, huanza kuwasajili watoto Gredi ya 3 na kila mmoja hupewa namba ya tathmini anayokwenda nayo mpaka Gredi ya 9. Mtoto anayefika baada ya hapo ni lazima shule imwombee namba hiyo. Usiondoke ofisini bila kumuuliza mwalimu ni nani atakayeishughulikia na lini.

Aliye darasa la nne hadi la sita yuko kwenye umri mzuri bado, lakini alama zinaanza kuhesabiwa. Kenya hutunza alama za kazi za shuleni za Gredi ya 4, ya 5 na ya 6, na kazi hizo zina uzito mkubwa kuliko karatasi ya mwisho ya KPSEA yenyewe. Ahame mwanzoni mwa Gredi ya 4, au asubiri amalize darasa la sita huku. Akiingia katikati ya mwaka wa sita ataingia na mapengo. Tathmini ya Gredi ya 6 haimzuii mtoto kwenda Gredi ya 7, kwa hiyo pengo hilo halitamrudisha nyuma. Litaonekana baadaye, kwenye hesabu ya Gredi ya 9.

Hesabu hiyo ni hii: alama ya mwisho ya kumpangia mtoto sekondari ya juu hutokana na asilimia 20 za KPSEA, asilimia 20 za kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 za KJSEA. Kwa maneno mengine, asilimia 40 zimekwisha kuwekwa kabla mtoto hajakalia mtihani wa Gredi ya 9. Aliyemaliza darasa la saba Serengeti amesoma miaka saba, na kwa kuhesabu miaka anapaswa kuingia Gredi ya 8. Shule nyingi zitapendekeza aanzie Gredi ya 7. Usilichukulie kama dharau. Akianzia Gredi ya 7 anapata miaka mitatu kamili ya kuzoea Kiingereza, ya kujenga alama za shuleni, na ya kusoma masomo ambayo hakuyaona huku, kama Kilimo au maarifa ya awali ya ufundi. Mwaka mmoja hapo haupotei bure.

Aliye kidato cha kwanza au cha pili ndiye mwenye safari ngumu. Gredi ya 10 hupangwa na serikali kwa matokeo ya KJSEA, na mtoto huchagua mojawapo ya njia tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya sayansi za jamii; au ya sanaa na michezo. Mtoto wa Tarime mwenye matokeo mazuri ya kidato cha pili hana KJSEA. Akitaka Gredi ya 10 ya shule ya umma, maombi yake hayaendi kwa mwalimu mkuu peke yake. Yanahitaji kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na mzazi apate jibu la maandishi kabla ya kununua sare. Kama hakuna sababu kubwa ya familia, ushauri wangu ni mmoja: aliyekwisha kuanza kidato cha pili amalize kidato cha nne huku, achukue cheti chake cha Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, kisha avuke nacho kwenda chuo. Cheti kilichokamilika husawazishwa. Kidato kilichokatwa katikati hakina wa kukisawazisha.

Lugha ndiyo mzigo mzito

Mtoto wa shule ya serikali ya Nyamongo au Nata amejifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Anajua kutafuta K.D.S. na K.K.S., anajua mzingo na nusu kipenyo, anajua msuguano na usanisinuru. Kenya inasema gredi tatu za mwanzo zifundishwe kwa lugha ya eneo, na kuanzia Gredi ya 4 karibu kila somo huja kwa Kiingereza. Mtoto yule yule aliyekuwa hodari anakaa kimya, na mwalimu asiyemjua anamwandika kuwa mzito.

Jaribio la kujua hali ya mwanao halina gharama kubwa. Nunua kitabu cha Hisabati cha gredi anayotarajiwa kuingia, kilichoidhinishwa na taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, kwenye duka la vitabu Isebania au Migori. Chagua maswali kumi ya mada alizokwisha soma. Mpe ayafanye peke yake. Kisha msomee maswali hayo hayo kwa Kiswahili, ukibadili namba. Akiyaweza ya Kiswahili na kushindwa ya Kiingereza, hesabu anazo na anachohitaji ni lugha. Huyo usikubali ashushwe zaidi ya gredi moja. Akishindwa yote mawili, hata huku angehitaji msaada, na kurudia mwaka kutamsaidia. Nenda na karatasi hizo kwa mwalimu mkuu. Mazungumzo ya kupangiwa darasa hubadilika mzazi anapofika na ushahidi mkononi badala ya malalamiko.

Muda wa kuandaa lugha upo ukiutafuta. Shule za msingi za Tanzania hufunga mwezi Desemba, na Kenya hufungua Januari. Mzazi anayejua mwezi Juni kwamba familia itahama mwakani ana miezi sita. Atafute mwalimu wa sekondari wa kata yake amfundishe mtoto maneno ya hesabu na sayansi kwa Kiingereza, jioni mbili kwa wiki. Asipoteze fedha kwenye sarufi ya kukariri. Mtoto aanze na maneno ya kuulizia swali: gawanya, linganisha, eleza, taja, chora.

Mtoto huyu ana hazina moja. Kiswahili ni somo la lazima msingi na katika shule ya chini ya sekondari Kenya, na mtoto aliyekulia Mara huandika insha ambayo mwalimu wake mpya ataisoma kwa sauti darasani. Mwambie hivyo kabla hajaondoka. Mtoto anayejua kuna somo moja atakaloongoza huvumilia mengine.

Karatasi za kubeba

Kwanza ni cheti cha kuzaliwa, na hasa majina yaliyomo. Huku tunaandika Bhoke, Robhi na Ghati. Wakurya wa Kenya wengi huandika Boke, Robi na Gati. Huku mtoto ana majina matatu: lake, la baba, la babu. Kule karani anaweza kuanza na jina la ubatizo na kuliacha la babu. Herufi moja ikipungua kwenye usajili wa Gredi ya 3, itajitokeza tena miaka mingi baadaye kwenye cheti cha mwisho, na hapo marekebisho ni ya viapo na safari za ofisini. Simama mbele ya karani, hakikisha anaandika jina kama lilivyo kwenye cheti cha RITA, herufi kwa herufi. Kama mtoto hana cheti, kitafute kabla ya kuvuka. Usajili wa wanafunzi Kenya umekuwa ukidai namba ya cheti cha kuzaliwa, na mfumo wa taarifa unapobadilishwa kutoka NEMIS kwenda KEMIS haja ya kuwa na utambulisho sahihi haipungui.

Pili ni barua ya uhamisho ya mwalimu mkuu, iliyopitia kwa Afisa Elimu wa halmashauri na kugongwa muhuri, pamoja na namba ya PREM ya mtoto. Namba hiyo ni kumbukumbu yake katika mfumo wa NECTA. Usiiache hata kama unaapa hutarudi, maana wengi hurudi. Tatu ni ripoti za miaka miwili iliyopita na matokeo ya upimaji wa darasa la nne kama alikwisha kuufanya. Nne ni kadi ya kliniki. Chukua nakala mbili za kila kitu, uache moja kwa ndugu huku.

Tano ni uraia na safari. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa Tanzania haki ya kuingia Kenya bila viza. Haimwondolei haja ya pasipoti au hati ya dharura ya safari, wala mwanafunzi haja ya kibali cha kusoma. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho, na Tanzania haimo kwenye mpango huo. Kupita njia ya panya kwa sababu mtoto ni wa Abakira na kule ni kwao kutakupa usumbufu siku shule itakapotaka kuona muhuri wa kuingia. Nenda kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, uliza uhamiaji, pata kibali.

Familia zenye baba wa upande mmoja na mama wa upande mwingine zina jambo la ziada. Katiba ya Kenya ya 2010 humtambua kuwa raia mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni Mkenya. Tanzania nayo humtambua mtoto wa Mtanzania, lakini hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Akifika miaka 18 atatakiwa kuchagua. Fikirieni hilo mapema, kwa sababu mikopo ya chuo na ajira za serikali hufuata uraia.

Sita, kama mtoto anakwenda kukaa kwa mjomba au shangazi, andikeni. Barua ya wazazi wote wawili kumkabidhi mlezi, ikithibitishwa na Afisa Mtendaji wa Kijiji huku na chifu kule, itasomeka mpakani, shuleni na hospitalini.

Kusoma ripoti bila kudanganyika

Alama za nchi hizi mbili husomeka kinyume. Kidato cha nne Tanzania, pointi 7 ndizo bora kuliko zote na mwenye nazo ana Daraja la Kwanza. KCSE ya Kenya, pointi 84 ndizo kilele, na kadiri zinavyopungua ndivyo hali ilivyo mbaya. Mzazi aliyezoea mtindo mmoja huweza kupongeza anguko au kumchapa mtoto aliyefaulu. CBC ina mtindo wa tatu: ngazi nne zinazosema kama mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake, na KJSEA huzigawa kila moja mara mbili zikawa nane. Hakuna nafasi ya darasani. Mzazi aliyezoea kuuliza "umekuwa wa ngapi?" atauliza bure. Muulize mwalimu: katika somo hili ni kitu gani hasa ambacho mtoto bado hajakiweza?

Tarajia pia kazi za kutengeneza vitu nyumbani, kupanda mboga, kukusanya picha, kuhoji wazee. Kazi hizo zina alama, na wazazi wengi Kenya wamelalamika kwamba zinawachosha wao kuliko watoto. Usimfanyie. Mwekee muda na vifaa.

Fedha: bure maana yake nini?

Tanzania imefuta ada ya msingi, na ya sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Kenya ilifuta ada ya msingi mwaka 2003. Serikali yake imepanga ruzuku kwa kila mwanafunzi kwa mwaka: shilingi za Kenya 1,420 msingi, 15,042 shule ya chini ya sekondari na 22,244 sekondari. Ruzuku hutolewa kwa kichwa kilichosajiliwa, na mara nyingi huchelewa. Kwa hiyo mtoto asiyesajiliwa ni gharama kwa shule, na hapo ndipo unapoweza kuombwa fedha ambazo jirani yako haombwi. Ulizia kiasi kwa maandishi: chakula cha mchana, mitihani ya muhula, sare, madawati, walimu wa kujitolea. Kumbuka Kenya ina mihula mitatu, ya mwisho ikiishia karibu Oktoba au Novemba mwanzoni, wakati huku tuna miwili. Mzazi anayetegemea mauzo ya mahindi au tumbaku apange malipo kwa mihula mitatu.

Shule binafsi ya bweni iliyo karibu na mpaka huweza kuvutia kwa rangi na basi lake. Uliza mambo mawili tu kabla ya kulipa: je, imesajiliwa na wizara, na je, ina kituo chake cha mtihani, au watoto huandikishwa kwenye shule nyingine? Asiyeweza kukuonyesha karatasi hizo mbili hastahili kupewa mtoto.

Neno kuhusu Desemba

Desemba ni mwezi wa kuhama shule, na katika Tarime na Serengeti ni mwezi wa msimu wa tohara na ukeketaji vilevile. Wapo wasichana wanaoambiwa wanapelekwa Kenya kutafutiwa shule, na wapo wa kule wanaoletwa huku kwa maneno hayo hayo. Sheria inazifikia pande zote mbili. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 inayomtia hatiani hata anayemtoa msichana nchini au kumwingiza nchini kwa lengo hilo. Tanzania imekataza ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Ukiona safari ya "shule" isiyo na barua ya uhamisho, isiyo na jina la shule, na inaanza katikati ya Desemba, uliza. Nyumba salama za Masanga na Mugumu zipo, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo. Msichana anayehama kweli ahame akiwa na barua yake mkononi na asindikizwe na mzazi mpaka darasani.

Wanaokuja huku

Wapo wanaovuka kuja Sirari, Tarime mjini, Nyamongo na Mugumu, kwa biashara, kwa mgodi, kwa ndoa, na wapo Watanzania wanaorudi. Mtoto wa Kenya anayeingia darasa la tano la shule ya serikali atakutana na sayansi ya Kiswahili, na Kiswahili chake cha mazungumzo hakitamtosha. Jaribio lile la maswali kumi lifanywe kwa kugeuza lugha. Atakuta pia somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo hakulisoma kabisa. Akiwa karibu kuingia sekondari, tatizo la lugha hupungua, kwa sababu huku sekondari hufundishwa kwa Kiingereza na atawapita wengi.

Atakayeingia kidato cha tatu bila upimaji wa kidato cha pili azungumze na mkuu wa shule kuhusu usajili wa NECTA kabla ya kuvaa sare, maana upimaji huo ndio njia ya kawaida ya kufikia mtihani wa kidato cha nne. Mwenye KCSE anayetaka kidato cha tano au chuo aombe usawazishaji wa cheti chake NECTA mapema. Kidato cha tano huanza Julai. Mzazi wa huku ana faida moja: NECTA huweka matokeo ya shule hadharani mtandaoni, mkoa kwa mkoa na halmashauri kwa halmashauri. Yasome ya miaka mitatu kabla ya kuichagua shule kwa sifa za mtaani.

Na wanaokwenda mbali zaidi

Swali la mtihani wa kutokea linafanya kazi kila mahali. Uganda ina miaka saba ya msingi, minne na miwili, karibu na mfumo wetu wa zamani, na mtihani wa darasa la saba ndio wa kwanza kujiandaa nao. Marekani humpanga mtoto zaidi kwa umri kuliko kwa mtihani, shule ya umma haina ada mpaka mwisho wa sekondari, na asiyejua Kiingereza ana haki ya kusaidiwa. Huko kinachotakiwa mwishoni ni idadi ya masomo aliyokamilisha, kwa hiyo kijana wa miaka 16 asiye na ripoti za kidato cha kwanza na cha pili zilizotafsiriwa anaweza kurudishwa kuanza upya. Ripoti ambazo watu huziacha kabatini Tarime zingeweza kumwokolea miaka miwili.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kuuza ng'ombe wa nauli na ada, fanya ziara moja ya shule bila mtoto. Muulize mwalimu mkuu mambo haya na uyaandike: mwanangu atafanya mtihani gani wa mwisho hapa, mwaka gani, alama zipi za nyuma zinahesabiwa na zake zitawekwaje, ni nani atakayemsajili na kwa karatasi zipi, masomo hufundishwa kwa lugha gani katika gredi hiyo, na kwa mwaka mzima nitalipa kiasi gani. Ukirudi na majibu yote, hama. Ukirudi na "mlete tu tutaona", mwache mtoto amalize mwaka wake huku.

Na ukishamhamisha, usimhamishe tena mwaka unaofuata kwa sababu shangazi amegombana na mjomba. Mtoto anaweza kuimudu nchi mpya moja. Akirushwa huku na kule kila Januari, hakuna baraza la mitihani la upande wowote litakalokuwa na kumbukumbu zake zote.